Ukiona vyaelea, vyaundwa: funzo la hedifoni kutoka Kisii na Nyamira

Msimu wa siasa ukikaribia, ahadi ya kazi za kidijitali hutolewa kabatini, ikapigwa pasi na kuvishwa upya. Serikali iliyoingia madarakani mwaka 2022 ilikuja na takwimu tatu ambazo viongozi wake wanazirudia hadi leo: kilomita 100,000 za waya wa faiba, vituo 25,000 vya Wi-Fi ya umma, na vituo 1,450 vya kidijitali, kimoja kwa kila wadi nchini.

Tufanye hesabu ya haraka. Kaunti ya Kisii ina wadi 45 na Nyamira ina 20. Ahadi ikitimizwa, kaunti hizo mbili zitapata vituo 65. Sisi wa Pwani, tukijumlisha Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta, tuna wadi 130, yaani mara mbili kamili. Kwa hiyo ninayoyasema kuhusu Kisii na Nyamira, msomaji wa Likoni, Malindi au Faza asidhani ni ya wenyewe kule milimani. Ni yetu pia, tena mara mbili.

Swali langu ni dogo. Utepe ukishakatwa, wageni wakishakunywa soda na kuondoka, kijana atakayeketi mbele ya ile kompyuta atafanya nini? Atatengeneza kitu, au ataangalia tu vilivyotengenezwa na wengine? Ili tusipotee kwenye maneno makubwa, nimechagua kifaa kimoja kidogo ambacho kila mmoja wetu anakijua: hedifoni ya Bluetooth, ile yenye maiki, inayovaliwa na dereva wa tuktuk pale Mwembe Tayari na mwendesha boda pale Keroka.

Kwa nini Kisii na Nyamira

Kwanza, ardhi imekwisha. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Kisii peke yake ina zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita mraba. Shamba la babu limegawanywa kwa baba, la baba limegawanywa kwa wana, na sasa mjukuu anarithi mistari michache ya majani chai na mashina ya migomba. Kijana wa huko hana budi kutafuta riziki nje ya jembe. Ndiyo maana unawakuta Wakisii katika kila mji wa Kenya, hapa Mombasa tukiwa nao miaka na miaka.

Pili, elimu si haba. Chuo Kikuu cha Kisii kilipata hati yake mwaka 2013. Kuna Kisii National Polytechnic, na Nyamira nayo ina yake. Dkt Fred Matiang'i, aliyeshika wizara ya TEHAMA kati ya 2013 na 2015 na kusimamia kuhama kwa televisheni kwenda dijitali, ni mwana wa Borabu, Nyamira. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema eneo hilo halijui habari za teknolojia. Kama pana pengo, liko kati ya kusoma kitu na kukiunda.

Programu ya mfano ni nini

Baadhi ya kampuni zinazotengeneza hedifoni hutoa, mara nyingi bila malipo, msimbo wa programu ndogo ya simu inayoonyesha kifaa chao kinaweza kufanya nini. Unaiunda mwenyewe kwenye kompyuta, unaiweka kwenye simu, unaunganisha hedifoni, kisha unajaribu: jina la kifaa limetokea? Betri imebaki asilimia ngapi? Kitufe cha kupokea simu kinaitikia? Ukirekodi sauti kupitia maiki yake na kuisikiliza tena, inasikika vipi? Hiyo ndiyo programu ya mfano. Haiuzwi wala haina urembo, lakini ni mlango. Anayeiunda na kuiendesha ameshaingia ukumbini mwa ufundi. Asiyeweza, yuko barazani bado, hata kama ana cheti.

Mjini Kisii nilikaa na vijana wanne waliomaliza diploma ya TEHAMA wakiifanya kazi hiyo katika chumba cha kupanga kisichokuwa mbali na soko la Daraja Mbili. Sikuenda kuwafundisha, nilikwenda kuona muda unakwenda wapi. Nilichokiona kinafaa kujulikana na kila anayepanga bajeti ya vijana.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa bando. Programu ya kuundia, Android Studio, ina uzito unaozidi GB moja kuipakua. Ukiifungua na kuitaka iunde ule msimbo, inaanza kuchota maktaba zake kutoka mtandaoni, mamia ya MB mengine. Inataka kompyuta yenye RAM ya GB 8 kwa uchache, na laptopu nyingi za mitumba zina nne. Kijana anayenunua bando la siku kwa sarafu zake anaweza kumaliza pesa kabla ya kuona mstari mmoja wa kazi yake ukitembea. Umeme ukikatika katikati ya upakuaji, na mvua za Kisii zina tabia hiyo, huenda akaanza upya.

Hapa Pwani ina neno. Intaneti ya Kisii inapitia kwetu. Waya wa TEAMS na ule wa SEACOM ilitia nanga Mombasa mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, kasi ilishuka Afrika Mashariki nzima, na kijana wa Nyamira aliumia sawasawa na wa Nyali. Bandari ya maneno ya nchi hii iko kwetu, ingawa sisi wenyewe mara nyingi tunasimama gatini tukiangalia mizigo ikipita.

Kikwazo cha pili kilikuwa umri wa msimbo. Programu nyingi za mfano ziliandikwa miaka kadhaa nyuma, na simu hazikusimama kuzisubiri. Tangu Android 12, iliyotoka 2021, programu haiwezi kuigusa hedifoni bila kumwomba mwenye simu ruhusa mpya, ile inayojitokeza kwenye skrini ikiuliza kuhusu vifaa vya karibu. Msimbo wa zamani haujui kuomba. Ukijengwa kwa kanuni mpya bila kurekebishwa, unafunguka na kuanguka papo hapo. Toleo hilohilo pia liliweka pembeni njia ya zamani ya kupeleka sauti ya simu kwenye hedifoni na kuleta nyingine. Vijana wale walitumia muda mrefu kusoma ujumbe wa kosa mstari kwa mstari hadi wakaelewa kwamba simu ilikuwa inakataa kwa haki; haikuwa imeombwa.

Nilipenda sana hatua hiyo. Huwezi kuijibu kwa kukariri. Mtihani wa karatasi utauliza, "Eleza maana ya Bluetooth," na mwanafunzi ataandika kwamba ni teknolojia iliyoanzia Ericsson kule Sweden katika miaka ya 1990, iliyopewa jina la mfalme wa kale wa Denmark, inayotumia mawimbi ya GHz 2.4 na kurukaruka katika vijia 79 hadi mara 1,600 kwa sekunde ili isigongane na wengine. Atapata alama zote. Lakini simu iliyokataa kuunganishwa haijali alama. Inataka uijue sababu.

Kikwazo cha tatu ndicho kilichowafungua macho. Programu ilipokubali, walicheza muziki kwanza, na sauti ikatoka safi. Wakawasha maiki ili warekodi, na ghafla sauti ikawa kama ya redio ya mbao yenye betri iliyochoka. Mmoja akadhani hedifoni imeharibika. Haikuharibika. Bluetooth ya kawaida ina njia mbili za sauti: moja ya muziki, inayokwenda upande mmoja tu kwa ubora mzuri, na nyingine ya mazungumzo, inayokwenda na kurudi kwa ubora wa chini. Ukiwasha maiki, kifaa kinahama kutoka ya kwanza kwenda ya pili. Njia ya zamani ya mazungumzo hupima sauti mara 8,000 kwa sekunde, sawa na simu ya waya; iliyoboreshwa hupima mara 16,000. Muziki kwa kawaida hupimwa mara 44,100. Hapo ndipo utamu unapopotelea.

Kwa nini hili ni suala la mkate

Kazi ambazo serikali inawaahidi vijana ni zipi? Kupokea simu za wateja wa kampuni za nje. Kunakili rekodi za sauti kuwa maandishi. Kutafsiri kwa njia ya simu. Kufundisha mashine kutambua maneno. Karibu zote zinapitia masikioni na mdomoni, yaani zinapitia hedifoni. Mfanyakazi anayesikika vibaya hupewa alama mbaya na mteja aliye London, na hakuna anayeuliza kama tatizo lilikuwa lafudhi yake au njia ya sauti ya kifaa chake. Anayejua tofauti hiyo hubadilisha mpangilio, au humwambia mwajiri wazi kwamba kazi hii inahitaji hedifoni ya waya. Asiyejua hufukuzwa akiamini kwamba yeye ndiye mbovu.

Kuna pia suala la feki. Soko la Kisii, kama lile la Marikiti kwetu, limejaa hedifoni zenye majina makubwa na bei ndogo. Kiganda hakisemi ukweli, lakini programu ya mfano huwa inasema: inasoma toleo la programu iliyomo ndani ya kifaa na njia za sauti kinazokubali. Fundi mwenye programu hiyo kwenye simu yake anaweza kumwonyesha mteja kabla hajatoa pesa. Huo tayari ni mtaji wa kibanda.

Na kuna lugha. Zaidi ya watu milioni 2.7 walijitambulisha kuwa Wakisii katika sensa ya 2019. Ekegusii ina irabu saba, mbili zaidi ya zetu, na kidatu cha sauti kinaweza kubadilisha maana. Google ilipoongeza lugha 110 kwenye mfumo wake wa tafsiri mwezi Juni 2024, Kijaluo kiliingia. Ekegusii haikuwamo, wala lugha za Wamijikenda. Mzee wa Nyamira anayesema "Bwakire" kwenye hedifoni ya kisasa anaongea na mashine isiyomjua, kama vile bibi wa Siyu anayeongea Kiswahili cha kwao na kujibiwa kwa Kiswahili cha kitabuni. Hakuna atakayeturekodia sauti zetu kwa heshima kama hatuna watu wetu wanaojua kuunda vyombo vya kurekodia. Mtumai cha nduguye hufa maskini.

Funzo la Tabaka

Aliyefika Tabaka, kusini mwa Kisii, ameona wanavyofanya jiwe la sabuni. Wanaume hulichimba na kulichonga, wanawake hulisugua kwa maji hadi ling'ae, na familia nzima hula kwa jiwe moja. Lakini bei kubwa hupatikana mbali na Tabaka, mikononi mwa aliyelipakia na kulitia jina. Sisi tunalijua hilo kwa nazi, kwa korosho na kwa maembe yetu. Anayetoa mali ghafi hupewa kidogo, na anayemaliza kazi hupewa kikubwa.

Katika uchumi wa dijitali, mali ghafi ni saa za kijana anayesikiliza rekodi za wengine. Umaliziaji ni kuunda programu anayoitumia huyo msikilizaji. Kama vituo 65 vya Kisii na Nyamira, na 130 vya kwetu, vitazalisha wasikilizaji tu, tutakuwa tumechimba machimbo mengine ya Tabaka, safari hii yenye Wi-Fi. Na tusisahau kwamba kazi hizo za kusikiliza na kuchuja zina machungu yake: wachujaji wa maudhui waliofanya kazi Nairobi wameipeleka Meta mahakamani, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba kampuni hiyo inaweza kushtakiwa Kenya.

Hoja za wapinzani

Wapo watakaosema: ya nini kuhangaika na programu ya mfano, siku hizi akili mnemba inaandika msimbo kwa sekunde? Kweli inaandika. Lakini huandika kutokana na yaliyokwisha kuandikwa, na mengi ya hayo ni ya kabla ya Android 12. Itakupa ile njia ya zamani kwa kujiamini kabisa. Anayeweza kuikosoa ni yule aliyeshika simu mkononi na hedifoni sikioni. Tena kompyuta peke yake haitoshi, maana masikio ni yako.

Wengine watasema kaunti hazina mamlaka, elimu ni ya serikali kuu. Si yote. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti vyuo vya ufundi vya vijiji. Polytechnic za kitaifa ni za Nairobi, sawa, lakini chuo cha ufundi cha kijijini kinachofundisha ushonaji na uashi ni cha gavana na bunge la kaunti. Hakuna sheria inayowazuia kuongeza meza moja ya vifaa vya sauti.

Nini kifanyike

Nina mapendekezo manne, na hakuna hata moja linalohitaji safari ya nje ya nchi.

Kwanza, kila kituo kiwe na sanduku la vifaa: simu mbili tatu za matoleo tofauti, hedifoni chache za kweli, na diski yenye nakala ya Android Studio pamoja na maktaba zake. Vijana kumi wakipakua kitu kilekile, wamelipa mara kumi. Nakala moja kwenye diski inawatosha wote, hata waya ukikatika baharini.

Pili, mtihani uwe wa mikono. Mwanafunzi apewe msimbo wa zamani unaoanguka, simu, hedifoni na saa tatu. Aufanye usimame, kisha aeleze kwa Kiswahili au Kiingereza ulikuwa unaanguka kwa nini. Anayefaulu hapo hahitaji barua ya kusifiwa.

Tatu, kaunti inaponunua vifaa, isilipe kabla ya kuona vikifanya kazi mbele ya watu. Tulisubiri laptopu za shule zilizoahidiwa 2013, vishikwambi vikaanza kufika 2016, na katika shule nyingi mwalimu hakupewa cha kumfaa. Iwe kanuni: washa kwanza, lipa baadaye.

Nne, tulinde sauti za watu. Programu ya mfano inayorekodi maiki inashika taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mwenye sauti. Tuwafundishe vijana hilo siku ya kwanza, kabla kampuni haijaja kuwaomba warekodi bibi zao kwa malipo ya soda.

Faida haitaishia kwenye ajira. Mwaka 2022 ulikamilika mfumo mpya wa sauti wa Bluetooth unaoruhusu chombo kimoja kutangaza kwa hedifoni na visaidizi vya kusikia vingi kwa wakati mmoja. Fikiria khutba ya Ijumaa inayomfikia mzee mwenye masikio mazito bila kuongeza kelele ya spika, au kikao cha bajeti Nyamira kinachosikika kwa Ekegusii katika sikio moja na kwa Kiswahili katika jingine. Wanubi wa Kisii mjini, ambao Kiswahili na msikiti vimewaunganisha nasi kwa vizazi, wangekuwa wa kwanza kunufaika. Lakini chombo hicho hakitajiunda chenyewe, na mtu wa California hatakiunda akifikiria msikiti wa Kisii.

Wahenga wetu walikuwa mabaharia na walijua walichosema: ukiona vyaelea, vyaundwa. Jahazi halikuota pwani kama mkoko. Palikuwa na fundi, msumeno na kalafati. Vijana wale wanne wa Kisii, kwa bando lao na laptopu zao zilizochoka, walikuwa wanatia kalafati. Programu yao ilisimama, ikaonyesha betri asilimia 60, ikarekodi sauti ikairudisha. Kwa macho ya mkubwa anayekata utepe ni kitu kidogo. Kwangu mimi ni kipimo.

Basi mwakilishi wadi wako atakapokuja kukuonyesha picha za kituo kipya, msomaji wangu, usimwulize kina kompyuta ngapi. Mwulize kimeunda nini.